Hewa ya Uwanjani na Hewa ya Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukipandisha kipimo changu cha hewa juu ya nguzo. Nilichagua mti mnyoofu, nikauchimbia katikati ya uwanja wetu hapa Kasongo, mbali na ukuta, mbali na jiko, mbali na migomba, nikakifunga kipimo kwenye ncha yake kwa waya, chini ya kipande cha bati ili mvua isikiloweshe. Nilipima pande zote kwa kamba kuhakikisha kwamba hakuna kitu karibu nacho. Nilitaka hewa tupu, isiyoguswa na mtu. Na kweli niliipata. Ilikuwa hewa ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiivuta.

Mimi ni fundi wa simu, na hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kufungua redio ya marehemu baba, nikashindwa kuifunga, na aibu ile ndiyo iliyokuwa shule yangu: nilirudia wiki nzima mpaka ikaimba. Tangu hapo nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Skrubu nazipanga kwa urefu. Nikikosea mstari mmoja kwenye kaye, daftari langu la kazi, nachana ukurasa na kuandika upya. Wateja husifu usafi wa kibanda changu sokoni. Hawajui kwamba nikifika nyumbani nakaa na sahani ya chakula mbele yangu nikijiuliza kama ile skrubu ya tatu niliibana.

Kipimo kilinifikia kwa bahati. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu, mtu wa upande wa mashariki aliyepanga chumba karibu na kibanda changu, aliniletea katoni ya vitu vibovu alivyonunua kwa pamoja: chaja, tochi, redio za mkononi. Chini kabisa kulikuwa na kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Ndani yake nilikuta feni ndogo kama kifungo cha shati, na taa nyembamba. Nilihangaika nacho siku tatu, nikisoma kwenye simu, mpaka nikaelewa. Feni inavuta hewa, taa inaimulika, na chembe za vumbi na moshi zinazopita zinahesabiwa. Hewa ikiwa safi, namba inakuwa ndogo na inawaka rangi ya kijani. Ikichafuka inawaka manjano, kisha nyekundu. Na kila namba inahifadhiwa humo ndani pamoja na saa yake.

“Inapima hewa,” nilimwambia mwenye katoni.

Alicheka mpaka akashika tumbo. “Bwana fundi, miye natafuta udongo yenye kulala chini. Ile yenye kuruka, chukua weye.”

Nilikichukua kwa sababu ya mama.

Mama alikuwa akikohoa tangu mavuno ya mpunga ya mwaka uliotangulia. Kilikuwa kikohozi kikavu, kilichomjia hata akiwa amesimama tu, ikambidi ashike mwimo wa mlango mpaka kipite. Alikuwa ameacha kuimba kwaya, kwani, alisema, haifai mtu kukohoa katikati ya Amina. Kwenye kituo cha afya walichunguza makohozi yake, wakasema si kifua kikuu. Muuguzi alisema huenda ni vumbi au moshi, atafute hewa safi. Wakati wa kurudi mama alicheka njiani. “Hewa safi inauzishiwa wapi?” aliniuliza. Mimi sikucheka. Baba alikufa akitafuta pumzi, nikiwa mdogo, na nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii sitakosea.

Nyumba yetu iko kando ya barabara inayoingia sokoni. Kiangazi pikipiki zinapita, na vumbi jekundu linatanda juu ya majani ya mipapai, juu ya nguo kwenye kamba, juu ya sufuria. Nililaumu barabara. Ilikuwa mbele ya macho yangu, na majirani wote waliilaumu. Nilipima uwanja kwa mwezi mzima, nikajaza kaye mbili. Kisha nikaenda Kabambare, kwa mama mkubwa, dada ya mama, nikapima uwanja wake kwa juma zima. Niliibeba hata nguzo yenyewe kwenye pikipiki, siku mbili za mashimo na matope ya vijito, kwa sababu nguzo nyingine ingeharibu ulinganifu. Mwenye pikipiki alidhani mimi ni mgonjwa wa akili, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Nyumba ya mama mkubwa iko pembeni, karibu na mashamba, na pikipiki zinapita moja moja. Namba za kule zilikuwa ndogo kuliko za kwetu, tena kwa mbali. Nilizichora zote kwenye ukurasa mmoja, Kasongo kwa kalamu nyekundu, Kabambare kwa bluu. Ukurasa ule bado ninao. Bado ni mzuri. Ndio uliomhamisha mama yangu.

Hakutaka kwenda. “Niko na shamba yangu, niko na kanisa yangu,” alisema. “Nitafanya nini kule?”

“Utapumua,” nilisema.

Nilimwonyesha mistari. Mama aliishia darasa la tatu, lakini aliutazama ukurasa ule kwa heshima ambayo mpaka leo inanichoma. “Kama kaye inasema hivyo, papa, basi.” Ananiita papa, kama akina mama wengi wa huku wanavyowaita wana wao.

Njiani alishuka kila palipokuwa na matope, akatembea, kwa sababu kikohozi hakikumwachia nguvu ya kushikilia. Dereva aliyembeba alikuwa mtu wa maneno. “Mama, mbona unatoka Kasongo? Watu wanatoka huku wanaenda kule.”

“Mutoto wangu ameona hewa,” mama alijibu.

“Ameona hewa! Ilikuwa imevaa nini?”

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na tukasimama kando ya njia tukingoja kipite. Mimi nilikuwa kwenye pikipiki ya nyuma. Nilikasirika kwa niaba ya kipimo changu.

Baada ya majuma sita mama mkubwa alinipigia. Kule mtandao unaviziwa, kwa hiyo alikuwa amepanda kilima na aliongea harakaharaka. “Mudogo wangu anakohoa kupita siku ile ulimuleta. Asubuhi njo mubaya zaidi. Kuja.”

Nilikwenda. Nilimkuta amekonda, sauti imekwaruza, macho mekundu. Nilimsalimu, nikamwuliza hali, na kabla hajamaliza kunijibu nilikuwa nimeshafika kwenye nguzo yangu, ambayo nilikuwa nimeiacha imesimama palepale. Nikakitundika kipimo. Namba ndogo. Kijani. Nikachuchumaa chini yake kama mtu aliyedhulumiwa.

“Inasema nini?” mama aliuliza kutoka mlangoni.

“Inasema hewa ni safi.”

“Basi hewa iko muzima,” alisema. “Ni mimi tu njo niko mugonjwa.”

Mama mkubwa alikuwa akipepeta mchele kando yetu. Aliweka ungo chini. “Mutoto wangu, nikuulize. Hiyo kitu unaifunga kule juu peke yake. Uliona mama yako anapanda kule juu siku moja?”

“Hapana, mama mukubwa.”

“Kule juu nani anapumua? Ndege. Ndege ya Kabambare haikohoi. Shukisha.”

Nilikishusha. Mama alikichukua, akakifunga kifuani kwa pindo la kitenge, pale anapofungia sadaka ya Jumapili, akaingia jikoni kuchochea moto wa jioni. Nikamfuata.

Jiko lile ni nyumba ndogo ya udongo iliyojitenga, paa la majani, mlango mmoja mfupi, bila dirisha. Kukosa dirisha si umaskini wala kusahau. Juu ya mafiga kuna uchaga wa miti, na juu ya uchaga ndipo mbegu inapokaa: mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, karanga ndani ya vikapu. Moshi unapanda, unazunguka, unakaa, na mdudu hawezi kukaa nao. Dirisha lingeutoa. Majira ya kupanda yakikaribia, moto hauzimwi mchana kutwa, na lazima mtu akae nao, kwa sababu paa ni majani na cheche hazina adabu. Na katika ukoo wa mama yangu, mdogo akija kuishi kwa mkubwa, moto unakuwa wake. Ni heshima: ndivyo unavyoambiwa kwamba wewe si mgeni. Mama alikuwa amepewa moto tangu siku ya kwanza. Saa zile zote nilizodhani anavuta hewa ya kijani, alikuwa amekaa kwenye kigoda akilinda mbegu ya dada yake.

Namba ilianza kupanda kabla sijakaa. Tarakimu mbili zikawa tatu. Manjano, kisha nyekundu. Nikasema neno ambalo mafundi wote husema: “Imeharibika.”

Nilikifungua juu ya mkeka uwanjani, nikafuta feni kwa brashi, nikakifunga tena. Nje, kijani. Jikoni, nyekundu. Nikakifungua tena. Nilifanya hivyo mara tano. Nilipotaka kukifungua mara ya sita, mama mkubwa aliniambia kwa upole, “Hiyo kitu haikuharibika, mutoto. Ni weye.”

Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko. Mguu mmoja ulikuwa nje, mguu mmoja ndani, na kati ya miguu yangu miwili hewa ilikuwa tofauti zaidi kuliko kati ya Kasongo na Kabambare.

Siku tatu zilizofuata mama alikivaa kila alikokwenda, dada yake akimshikia moto alipotoka, nami nikaandika saa na mahali. Shambani, kijani. Mtoni, kijani. Barabarani, manjano pikipiki ilipopita, kisha kijani tena. Jikoni asubuhi, nyekundu. Jikoni jioni, nyekundu. Nilipojumlisha, karibu moshi na vumbi lote lililoingia kifuani mwake kwa siku lilitoka kwenye zile saa za kigoda. Ile barabara niliyoichukia mwezi mzima haikuonekana hata kwenye jumla. Na nguzo yangu, kama ingeitwa kutoa ushahidi, ingeapa kwamba siku hizo hapakuwa na moshi Kabambare.

Ndipo nikakumbuka jambo lingine, na hili naliandika kwa aibu. Mavuno yale ya mpunga, ambayo kikohozi kilianza nayo, yalipatwa na mvua. Mama aliukausha mpunga ndani, juu ya moto, majuma kadhaa. Nilijua. Kuni nilizibeba mimi. Siku za kawaida nyumbani Kasongo anapikia makala, yaani mkaa, kwenye mbabula, jiko letu dogo la chuma, nje, chini ya upenu. Nilikuwa nimemtoa kwenye moshi mdogo nikampeleka kwenye moshi mkubwa, kwa sababu uwanja wa pili ulikuwa safi zaidi.

Mtu mwenye akili angetulia hapo akafikiri. Jumapili wao walikwenda kanisani, mimi nikabomoa ukuta. Nilichora mstatili kwa kamba na timazi, nikakata dirisha pana upande wa upepo, nikalainisha kingo zake kwa udongo wa maji. Pembe zote zilikuwa sawa. Mama mkubwa alirudi na Biblia kwapani, akasimama mbele ya dirisha. Akatazama ndani, akatazama uchaga, akanitazama mimi.

“Unaona muzuri?”

“Ndiyo, mama mukubwa. Sasa kuna mwangaza.”

“Na mududu ataona muzuri.”

Nilidhani ni mzaha. Namba zilishuka siku ileile, na asubuhi mama alikohoa mara mbili tu. Nilirudi Kasongo nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Hata mwezi haukuisha, simu ikalia kutoka kilimani. Fukusi walikuwa wameingia kwenye mahindi ya mbegu. Nusu yalikuwa yamegeuka unga.

“Mama yako anapumua,” mama mkubwa alisema. “Miye njo sina mbegu.” Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Kisha mama akachukua simu. “Papa, usikasirike. Dirisha nimeiziba na udongo. Mbegu ya yaya, mukubwa wangu, haiwezi kufa juu ya kifua yangu. Nimerudia ku moto.”

Sikuweza kufanya kazi siku ile. Nilifungua simu ya mteja nikakaa nikiitazama. Kosa langu lilikuwa lilelile la nguzo: mara ya kwanza nilipima hewa bila mama, mara ya pili nilirekebisha hewa bila mbegu. Na sasa mama alikuwa amekaa tena ndani ya moshi, tena kwa hiari, na hakuna mstari wa kalamu ambao ungeweza kumtoa pale.

Nilirudi Kabambare na gunia dogo la mbegu za mama mwenyewe, alizokuwa amemwachia jirani yetu, na mabati mawili niliyoyang’oa kwenye kibanda changu. Sikugusa kitu chochote siku ya kwanza. Nilikaa na mama mkubwa tukipukuchua karanga, nikauliza, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza.

“Mama mukubwa, moshi inahitaji mutu?”

“Moshi inahitaji moto. Moto njo inahitaji mutu.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ya majani. Ukiacha moto peke yake inapanda ku paa. Jiko ya jirani iliungua hivyo.”

“Na kama cheche haifiki ku majani?”

“Basi mutu anaweza kwenda zake,” alisema.

Bati moja tukalining’iniza kwa waya kati ya moto na uchaga. Moshi unapita pembeni mwake na kuyafikia mahindi na karanga, cheche zinagonga bati na kufa. Gogo moja bichi linawekwa, linafuka polepole, na mtu anachungulia mlangoni mara kwa mara, anageuza gogo, anaondoka. Dirisha lilibaki limezibwa. Nilitaka kuusawazisha ule udongo aliobandika mama kwa mkono, ulikuwa na alama za vidole vyake vyote juu yake. Nikauacha. Bati la pili likawa paa la kibanda kisicho na kuta pale uwanjani, ndipo moto wa kupikia ukahamia, na ile nguzo yangu nikaifanya mhimili wa kona.

“Tazama,” mama mkubwa aliwaambia wanawake waliopita, “mudogo wangu anapikia inje kama ku ndoa. Na moto ya mbegu imevaa kofia.”

“Kofia ya fundi,” mama alisema. “Ina skrubu.”

Haina skrubu. Ni waya tu. Lakini alikuwa amecheka mpaka mwisho, na kicheko hakikugeuka kitu kingine.

Walipanda mbegu walizokuwa nazo, zilizopona na zile za Kasongo, zikichanganywa. Baada ya kupanda mama alirudi nyumbani. Siku moja nilikifunga kipimo kwenye shati langu mwenyewe nikaenda kazini. Kilikaa kijani njia nzima, kikawa chekundu ndani ya kibanda nilipoanza kulehemu, kwa sababu nilikuwa nafunga dirisha vumbi lisiingie kwenye simu. Sikukifungua safari hii. Nilifungua dirisha, nikazifunika simu kwa kitambaa.

Kilichobadilika ni hiki. Simwambii tena mtu anapumua nini kwa kuupima uwanja wake. Kipimo kinavaliwa na mwenye kifua, na kwenye kaye yangu safu ya kwanza haisemi tena Kasongo wala Kabambare. Inasema ni nani, na saa ile alikuwa amekaa wapi. Mama mkubwa anapikia chini ya bati lisilo na kuta, na kwetu mpunga ukilowa, unakaushwa ndani kwa gogo linalofuka chini ya bati, bila mtu kukaa nao. Kuna asubuhi ambazo mama bado anakohoa kidogo. Amerudi kwaya, anakaa mstari wa nyuma, karibu na mlango.